Singo, liwa, masaji, spa: msamiati wa urembo na utunzaji wa mwili katika pwani ya Bagamoyo

Makala haya yanahusu maneno yanayotumika katika kazi za urembo na utunzaji wa mwili kwenye mwambao wa Mrima, hususan Bagamoyo na vijiji vinavyoungana nayo kwa upande wa Dar es Salaam. Katika eneo hili msamiati wa aina mbili hukutana kila siku. Upo ule wa nyumbani, unaotumiwa na makungwi, masomo na wapambaji wa maharusi: kusinga, liwa, hina, udi, dalia. Upo pia ule wa saluni na wa hoteli za ufukweni: masaji, skrabu, spa, kucha za kubandika. Mwanafunzi hudhani kuwa maneno ya kundi la pili ni majina mapya ya mambo yaleyale ya kundi la kwanza. Dhana hiyo si sahihi, na katika kazi ya tafsiri inaweza kumdhuru mtu.

Maneno ya zamani ya pwani kwa kawaida hutaja mojawapo ya mambo matatu: kitu kinachopakwa, tendo linalofanywa na mkono, au mtu anayelifanya. Maneno mapya mengi hutaja mahali au aina ya huduma, yakaacha mambo hayo matatu gizani. Mfasiri anayeandika kadi ya huduma, kibandiko cha chupa au tangazo la saluni ana wajibu wa kuyarudisha.

MRIMA NA KUMBUKUMBU ZA MANENO

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka bara, na baadaye makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, yalipohamishiwa Dar es Salaam. Kwa sababu hiyo maneno ya Kizaramo, Kikwere, Kidoe na Kizigua yalichanganyika hapa na ya Kiarabu na ya Kihindi, na lahaja ya Kimrima ikayapokea. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyepata kufundisha Kiswahili mjini Berlin, ndiye mwandishi mkuu wa habari zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Mtafiti wa leo anayetaka kujua shughuli za uzazi, unyago na ndoa zilisimuliwaje kwa Kiswahili cha wakati ule hana budi kuanzia hapo. Padri Charles Sacleux, aliyeishi pwani hii mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya maneno ya lahaja nyingi katika kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka 1939. Msamiati huu, kwa hiyo, haukosi kumbukumbu. Wafasiri wengi hawazifungui tu.

VITENZI VYA MKONO

Neno masaji (I-ZI: masaji hii, masaji hizi) limekwisha kukubalika, wala hakuna haja ya kulipiga vita. Upungufu wake ni kwamba halisemi mkono unafanya nini. Kiswahili kina vitenzi kadhaa kwa kazi hiyo, na kila kimoja kina mpaka wake.

Kukanda ni kubonyeza na kuminya kwa viganja, kama anavyofanya mwenye kuandaa unga wa maandazi. Hutumika pia kwa kubandika kitambaa kilicholowekwa katika maji ya moto mahali penye maumivu. Mfano: Mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua. Mtendaji ni mkandaji.

Kuchua ni kusugua kwa nguvu kwa kufuata msuli, aghalabu kwa dawa au mafuta, ili kuondoa maumivu. Mfano: Mchezaji alichuliwa goti kabla ya kurudi uwanjani. Mtendaji ni mchuaji. Tanbihi: umbo la kujirejea, kujichua, limepata katika mazungumzo ya leo maana ya tendo la faragha. Mfasiri asiandike "jinsi ya kujichua nyumbani" anapokusudia mtu kujikanda mabega, aandike kujikanda.

Kusugua ni kukwangua uso wa kitu kwa kwenda na kurudi ili uchafu au ngozi iliyokufa itoke. Nyayo husuguliwa kwa jiwe, mgongo husuguliwa kwa dodoki.

Kusinga ni kumpaka mtu mafuta, manukato au mchanganyiko wenye harufu nzuri huku ukimpitisha mkono mwilini. Ndani ya kitenzi hiki kuna kupaka, kusugua na kunukiza kwa pamoja, na ndiyo maana hakina mwenzake kamili katika lugha nyingi za kigeni. Mfano:

– Shangazi, mwali ameshasingwa?
– Bado, mwanangu. Liwa haijasagwa.

Kosa la kawaida ni kutumia kitenzi kimoja kwa yote. Kadi isemayo "masaji ya miguu" inaweza kumaanisha kukandwa kwa unyayo, kuchuliwa kwa ndama za miguu, au kusuguliwa kwa visigino. Mteja mwenye uvimbe wa mishipa ya miguu anahitaji kujua ni kipi kati ya hivyo kabla hajavua viatu.

Jambo la pili ni hadhi ya neno. Mijini, masaji limebeba shaka fulani kutokana na nyumba zinazotumia jina hilo kuficha biashara nyingine. Mwandishi wa matibabu ya viungo na aseme tiba ya viungo au kuchua misuli, asiyaache maneno yake yaeleweke vibaya.

SINGO NA LIWA

Singo (I-ZI: singo hii) ni nomino iliyotokana na kitenzi singa. Ni mchanganyiko wa vitu vyenye harufu nzuri anaosingwa mtu, hasa bibi harusi katika siku zinazotangulia ndoa. Viungo hutofautiana kati ya Unguja, Pemba na Mrima, hata kati ya nyumba na nyumba, lakini vinavyotajwa mara kwa mara ni maua ya asumini, waridi na mlangilangi, majani ya mrehani na ya mpompia, pamoja na liwa, vyote vikilainishwa kwa maji ya waridi. Karafuu nayo hutumika, na kwa Pemba ndiyo inayotawala.

Liwa (I-ZI: liwa hii) ni mti wenye harufu nzuri, pia uji mzito unaopatikana kwa kuusugua mti huo juu ya jiwe lenye maji. Jiwe hilo huitwa msio (wingi: misio). Liwa hupakwa usoni na mwilini ili kulainisha ngozi na kutuliza vipele vya joto. Watu wengi hulichukulia neno hili kuwa sawa na sandali. Katika matumizi ya kila siku hilo halina madhara, kwa kuwa muuzaji mwenyewe huyatumia maneno yote mawili kwa mti mmoja. Katika andiko la kitaalamu, hata hivyo, inafaa kuyatenga: sandali ni jina la mti maalumu na mafuta yake, liwa ni jina la kipodozi kulingana na kinavyoandaliwa na kutumiwa.

Wanafunzi waangalie maneno yanayofanana kwa sura:

a) liwa, nomino, na -liwa, kauli ya kutendwa ya kitenzi kula: Liwa imesagwa; Wali umeliwa.

b) singa, kitenzi cha kupaka manukato, na singa katika nywele za singa, yaani nywele laini zilizonyooka. Sentensi "ana singa" haihusu singo.

c) mwali wa ngeli ya A-WA (mwali huyu, wali hawa), yaani msichana aliye ndani au bibi harusi, na mwali wa ngeli ya U-I (mwali huu, miali hii), yaani ulimi wa moto au mshale wa nuru. Wingi wali huepukwa na waandishi wengi kwa kuwa hufanana na chakula. Hupendelea kusema wanawali, ingawa neno hilo nalo lina kivuli cha maana ya ubikira.

Je, singo ni skrabu? Skrabu ya saluni ni kitu chenye chembechembe kinachokwangua ngozi. Kazi yake huishia hapo. Singo hukwangua kidogo, hulainisha na hunukiza. Tena husingwa kwa siku kadhaa, na anayesinga si mgeni kwa anayesingwa: ni kungwi, somo, shangazi au bibi, na wakati mkono unafanya kazi kinywa hufundisha mambo ya unyumba. Hoteli ya ufukweni inaweza kumsinga mgeni kwa dakika 60, na ni halali kuiita huduma hiyo singo iwapo viungo ni vyenyewe. Lakini mfasiri asiandike kuwa mgeni "amepitia desturi ya singo ya bibi harusi". Amepata kitu na tendo. Mtu na mafunzo havikuwamo.

HINA NA PIKO

Hapa ndipo tofauti ya maneno inapogusa ngozi moja kwa moja.

Hina (I-ZI: hina hii) ni unga wa majani makavu ya mhina (wingi: mihina) yaliyosagwa. Hukorogwa kwa maji, mara nyingine kwa ndimu na mafuta, ukapakwa viganjani, nyayoni, kwenye kucha au nywele. Huhitaji saa kadhaa kushika, na rangi yake ni ya chungwa iliyokolea au kahawia yenye wekundu. Huzidi kukolea kwa siku moja au mbili. Hina halisi, isiyochanganywa na kitu, haitoi weusi wa makaa.

Piko (I-ZI: piko hii) ni wino mweusi unaochorwa maua mikononi na miguuni, peke yake au kando ya hina ili michoro itokeze. Weusi wake hushika upesi. Piko nyingi za leo hutengenezwa kwa rangi ya viwandani ya kutia nywele, na rangi hizo nyingi zina kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye kibandiko hufupishwa PPD. Kemikali hiyo imeruhusiwa katika nchi nyingi kwa rangi za nywele tu, kwa kiasi chenye kikomo na kwa masharti. Ikipakwa moja kwa moja kwenye ngozi na kuachwa, inaweza kuleta mwasho, malengelenge na makovu. Zaidi ya hayo, mwili uliowahi kudhurika nayo unaweza kuikataa maisha yote, hata mtu akija kutia rangi nywele miaka mingi baadaye.

Katika fukwe zinazotembelewa na wageni, piko hutangazwa kwa jina la hina nyeusi. Kwa mtazamo wa lugha, jina hilo linaundwa sawasawa: nomino na kivumishi chake. Kwa mtazamo wa maana, linamdanganya msomaji, kwa kuwa kivumishi hufahamisha kuwa kitu ni kilekile kilichobadilika rangi tu, kama shati jeupe na shati jeusi. Mama anayeona "hina nyeusi" humruhusu mwanawe wa miaka mitano achorwe, kwa sababu hina anaijua tangu kwa bibi yake. Akiona "piko" au "rangi ya nywele", huuliza kwanza.

Pendekezo: tafsiri iandike piko, na panapofaa ifafanue: piko, wino mweusi wenye rangi ya nywele. Jina "hina nyeusi" litumike ndani ya alama za kunukuu tu, pale mwandishi anapotaja yale yaliyoandikwa na wengine.

Vitenzi: zamani ilisemwa zaidi kutia hina, leo kupaka hina hutumika kwa kufunika mahali pote, na kuchora hina au piko kwa michoro ya maua. Kauli ya kutendwa izingatiwe: Bibi harusi alipakwa hina na somo wake, si "alipaka hina", ila kama alijipaka mwenyewe.

KUSUKA AU KUSUKWA?

Suala hilo la kauli linajitokeza zaidi katika nywele. Mteja wa Kitanzania husema "Naenda kusuka", "Nimenyoa leo", "Nimetinda nyusi", ilhali kazi imefanywa na mwingine. Katika mazungumzo matumizi haya yameenea mno kiasi kwamba kuyaita kosa ni kupoteza muda. Katika maandishi, na hasa ya ushahidi, mkataba au malalamiko ya mteja, yanaleta utata. "Asha alisuka siku nzima" huenda ni habari ya msusi aliyechoka au ya mteja aliyechelewa nyumbani. Andika: Asha alisukwa, au Asha aliwasuka wateja wanne.

Msusi (A-WA: wasusi) hutokana na suka. Badiliko la k kuwa s au sh mbele ya kiambishi i ni la kawaida katika nomino za watendaji. Linganisha pika na mpishi, andika na mwandishi. Kazi yake ni ususi, na kinyume cha kusuka ni kufumua. Katika fasihi na kwa wazee wa pwani husikika pia kusonga nywele kwa maana ileile. Mitindo ina majina yanayostahili kuingizwa kamusini: twende kilioni, mistari ya haraka isukwayo mtu anapokuwa na dharura kama msiba, mabutu, vishungi vya nywele zilizofungwa mafungu mafungu, yeboyebo, rasta, misokoto iliyoungwa nywele za bandia, na nywele za uzi. Majina haya yasitafsiriwe neno kwa neno. Yaachwe yalivyo, yafuatwe na maelezo mafupi.

Kinyozi (wingi: vinyozi) ana umbo la KI-VI lakini huchukua upatanisho wa viumbe: kinyozi hodari amefika, vinyozi hodari wamefika. Nchini Kenya neno hili hutaja pia mahali, hata likaandikwa juu ya mlango wa duka. Tanzania mahali huitwa saluni ya kiume. Saluni (I-ZI: saluni hii, saluni hizi) haihitaji kiambishi cha wingi. Mwenendo wa miaka ya karibuni ni kwamba vinyozi wengi hawaishii kwenye nywele: wanaume hufanyiwa skrabu ya uso, hufukizwa kwa mvuke, hukandwa mabega. Kwa hiyo sentensi "Amekwenda kunyolewa" haielezi tena yote yanayofanyika kwenye kiti cha kinyozi.

Ieleweke pia kuwa nywele katika eneo hili hazikuwa pambo tu. Mwana hiti, sanamu ndogo ya mti ya Wazaramo, Wakwere na majirani zao, hutambulikana kwa kishungi chake cha nywele kilichochongwa, mara nyingi kilichogawanyika mara mbili. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa sanamu hiyo, akaitunza kama mtoto, pamoja na kuipaka mafuta. Kujifunza kutunza mwili wa mwingine kulikuwa sehemu ya elimu ya mwali.

KUCHA, NYUSI NA VISIGINO

Sehemu hii ni nyepesi na yataka kumbukumbu chache tu.

Ukucha, wingi kucha. Ukope, wingi kope. Unyusi au ushi, wingi nyusi (U-ZI). Kusema "kope moja" au "kucha moja" kwa umoja kumezoeleka, lakini Kiswahili sanifu ni ukope mmoja, ukucha mmoja. Kucha za bandia hubandikwa. Kucha za asili hukatwa, hupigwa tupa na kupakwa rangi. Vijana wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na beseni na chupa za rangi huitwa wapaka kucha.

Kutinda nyusi ni kuzinyoa au kuzipunguza ili zipate umbo. Kitenzi tinda kina pia maana za kukata na kuchinja, lakini kwa nyusi ndicho chenyewe, nacho ni bora kuliko "kutengeneza nyusi".

Magaga ni ngozi ngumu iliyopasuka kwenye visigino. Wafasiri wengi huandika "mipasuko ya ngozi ya miguu", maneno matano kwa kitu chenye jina moja linalojulikana na kila mwenye kutembea peku.

Wanja (wanja huu) hupakwa machoni. Wanja wa manga ni ule wa mawe yaliyosagwa. Baadhi ya wanja wa namna hiyo unaouzwa duniani umekutwa na madini ya risasi, basi tafsiri ya kibandiko itaje kilichomo, isiridhike na "wanja wa asili".

MKOROGO, KUJICHUBUA NA LUGHA YA KIBANDIKO

Mkorogo (U-I: mkorogo huu, mikorogo hii) hutokana na koroga. Ni mchanganyiko wa krimu na dawa za kuondoa weusi wa ngozi. Kitendo chenyewe huitwa kujichubua. Chubua ni kuondoa ngozi ya juu, kama mtoto anavyochubuka goti akianguka. Maneno haya mawili ni shahidi mzuri wa hekima ya lugha ya mitaani: la kwanza lakiri kuwa mtumiaji hajui kilichochanganywa, la pili lakiri kuwa ngozi inatoka.

Lugha ya biashara hukwepa ukiri huo. Hutumia kung'arisha, kutakatisha, kulainisha, kurudisha nuru. Kitenzi kung'arisha hutumika kwa sufuria na viatu. Hutaja faida, hakitaji tendo. Ndani ya chupa mara nyingi mna haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, vitu ambavyo sheria ya Tanzania haiviruhusu katika vipodozi. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kutoka kwenye mamlaka ya chakula na dawa. Kimataifa, Mkataba wa Minamata wa 2013 uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi kuwa sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo 2025. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto kupitia kwa mama.

Mapendekezo kwa mfasiri ni matatu. Kwanza, jina la kemikali lisiachwe wala lisifunikwe na maneno ya jumla kama "viambato maalumu". Liandikwe kwa Kiswahili na, likiwa kwenye kibandiko, pamoja na namna lilivyoandikwa hapo, ili mnunuzi aweze kulilinganisha. Pili, zebaki huandikwa kwa majina mengi, likiwamo kalomeli. Jina lolote kati ya hayo litafsiriwe kuwa lina zebaki. Tatu, katika maandishi ya afya itumike kujichubua, neno ambalo msomaji analijua, wala si "kubadili mwonekano wa ngozi".

Kipodozi (KI-VI: vipodozi) hutokana na podoa, kujipodoa. Ni neno la jumla, lenye kuingiza sabuni, mafuta, poda, rangi na manukato. Liwa ni kipodozi, mkorogo pia ni kipodozi kwa maana ya kamusi. Neno la jumla halitoshi kumhakikishia mtu usalama.

SPA, HAMAMU NA MWANI

Spa (I-ZI: spa hii, spa hizi, si "maspa") limetokana na jina la mji wa Spa nchini Ubelgiji, wenye chemchemi za maji ya madini. Kiswahili kilikuwa na hamamu, nyumba ya kuogea kwa maji ya moto na mvuke; mtaa wa Hamamni katika Mji Mkongwe wa Unguja umepata jina lake kutokana na hamamu iliyojengwa wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Maneno haya hayabadilishani: hamamu ni mahali pa kuoga, nayo katika matumizi mengine ni bafu la kawaida; spa huuza huduma za mwili hata pasipo bwawa. Pendekezo la kusema "nyumba ya urembo" halifai sana, kwa kuwa saluni nayo ni hivyo. Spa na libaki spa, mradi huduma zake zipewe vitenzi vyake.

Bidhaa mojawapo inayozidi kuonekana katika spa na maduka ya pwani ni sabuni ya mwani. Mwani (mwani huu) ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha kilimo kikaenea bara. Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, wanawake huulima katika maji ya kina kifupi na baadhi yao huutengenezea sabuni. Wakulima huzitaja aina mbili kwa majina yaliyopata sura ya Kiswahili: spinosamu na kotonii. Mfasiri asiandike "magugu ya bahari". Magugu ni mimea isiyotakiwa shambani, na huu ni mmea unaopandwa, unaopaliliwa na kuvunwa.

MAJINA YA WATU WA KAZI

Kungwi (LI-MA kwa umbo, A-WA kwa upatanisho: kungwi huyu, makungwi hawa) ni mwalimu wa unyago na unyumba. Somo, kwa maana hii, ni mwenye kumlea na kumwongoza mwari mmoja, na uhusiano wao hudumu. Mpambaji hupamba, awe anampamba bibi harusi au ukumbi. Mpambe humfuata na kumhudumia bibi harusi. Ndilo neno hilohilo litumikalo kwa afisa anayeandamana na kiongozi. Kadi ya huduma isemayo "mtaalamu wa urembo" haimkosei mtu heshima, lakini haisemi kama ni msusi, mkandaji au mchora piko. Mwari na mwali ni namna mbili za neno moja, na zote husikika pwani.

MFANO WA TAFSIRI

Tuchukue kadi ya hoteli iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, ikitaja huduma ya kusuguliwa mwili kwa viungo vya pwani, kisha kukandwa, na mwisho kuchorwa mkono kwa rangi nyeusi.

Tafsiri dhaifu: Skrabu ya asili ya Kiswahili, masaji ya kutuliza na hina nyeusi.

Tafsiri bora: Kusingwa kwa singo ya asumini, waridi na liwa, kukandwa mgongo na mabega kwa mafuta ya nazi, kuchorwa piko mkononi (wino wenye rangi ya nywele, usichorwe mtoto, wala mtu aliyewahi kudhurika na rangi hiyo).

Ya pili ni ndefu, na mwenye hoteli anaweza kulalamika kuwa haitoshi kwenye kadi. Hapo mfasiri apunguze sifa kama "asili" na "kutuliza", asiguse viungo wala vitenzi.

MUHTASARI

1. Taja kitu: liwa, hina, piko, zebaki. Usikifiche nyuma ya sifa.
2. Taja tendo: kusinga, kukanda, kuchua, kusugua. Masaji na skrabu zikubalike pale tu tendo linapojulikana.
3. Taja mtu, na mpe kauli yake: aliyesuka ni msusi, mteja amesukwa.
4. Yaache majina ya mitindo na ya desturi yalivyo, kisha uyafafanue.
5. Neno la kigeni lililozoeleka, kama spa na saluni, lipewe ngeli ya I-ZI bila kiambishi cha wingi.
6. Jina la kibiashara likipingana na kilichomo ndani ya chupa, mfuate aliyechubuka, si aliyeuza.